Mkono wa Mwenyekiti

Mzee Tadei alikuwa hajatia hata uji kinywani asubuhi ile, na tayari alikwisha kusalimia nusu ya mtaa. Ndivyo alivyokuwa. Tangu achaguliwe kuwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji wa Sumbawanga, mwaka ule halmashauri ziliporudishwa baada ya kufutwa, watu walimbandika jina la Baba Salamu, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chenyewe. Angekukuta umeinama unapalilia maharage, angesimama, angekunja magoti kidogo, angepiga yale makofi mepesi ya Kifipa, kisha angekupa mkono na kukuuliza habari za nyumbani, za mifugo, mpaka za shangazi yako anayekohoa. Mtu asiyejua kusalimu, kwake yeye, hakuwa amelelewa. Alikuwa ameoteshwa tu.

Nyuma yake alitembea mwanawe Eustaki, kipaza sauti cha betri begani. Eustaki alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, kijana mrefu mwenye sauti nzito tamu, na kwa ajili ya sauti hiyo ndiye aliyeteuliwa kuongoza shughuli za siku ile na kunadi vitu kwenye harambee. Siku nzima ilikuwa ya Mwenyekiti. Asubuhi kufagia soko pamoja na wananchi, kisha kufungua bomba la maji, kisha kutembelea kituo cha afya, na mchana harambee yenyewe, ya kujenga nyumba ya wajawazito wanaopanda kutoka bondeni, Ilemba na Milepa, wakafika mjini wakakosa pa kulala wakingoja siku zao. Baadhi yao walikuwa wakijifungulia njiani, kwenye mawe ya ule mteremko. Shughuli ya namna hiyo hakuna aliyethubutu kuipinga, hata wale ambao Mzee Tadei hawakumpenda.

Kijana gani asingeona fahari kumfuata baba wa namna hiyo? Eustaki hakuona fahari. Kila hatua iliyowasogeza kwenye kituo cha afya alitamani kuirudisha nyuma.

Pale kituoni alikuwapo Tusekile.

Tusekile alikuwa nesi mkunga, binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mkoa wa Mbeya, mwenye macho makubwa matulivu na mikono ambayo ilikwisha kupokea watoto wengi wa mji ule. Walijuana pale Eustaki alipompeleka mwanafunzi aliyeungua moto. Nesi alimfunga mtoto bandeji huku akimgombeza mwalimu kwa kuchelewa, na mwalimu akajikuta anapenda kugombezwa. Kuanzia hapo, wanafunzi wa Eustaki wakawa wanaumwa kuliko wanafunzi wa walimu wengine wote.

Mwezi uliopita, Clemens, mjomba wake Eustaki, alipanda basi kwenda Tukuyu kumposea. Bibi yake Tusekile, aliyemlea, alimpokea vizuri. Ng'ombe wa uchumba, aliyenunuliwa huko huko, akafungwa zizini, kitenge cha posa chenye maua ya rangi ya chungwa akapewa binti, ukoo ukakaa, ukala, ukakubali. Yote yalikwenda sawa isipokuwa jambo moja. Mjomba Clemens alisema ametumwa na Mzee Tadei, na Mzee Tadei hakuwa na habari hata chembe.

Si kwamba Eustaki alizaliwa mwongo. Alikuwa anamwogopa baba yake, na woga na uongo ni majirani wanaoombana chumvi. Mzee alikwisha kusema mara nyingi mezani, akimega ugali wake wa ulezi, "Nyumba hii tutaoa kwa watu ambao salamu yao tunaijua." Na kila mtu alijua anamaanisha nani: Silvana, binti wa rafiki yake Zenon, mkulima mwenye maksai kule Namanyere. Eustaki akasema moyoni, nitamwambia baada ya mavuno. Mavuno yakaja, akasema, nitamwambia baada ya harambee.

Ila Tusekile, yeye, aliporudi kutoka Tukuyu alikuwa tayari ni mkwe.

"Kuanzia sasa nikimwona baba yako njiani nitakata kona," alimwambia Eustaki jioni moja, nusu akicheka. "Usije ukasema nina kiburi. Kwetu baba mkwe hatazamwi usoni. Humpi mkono. Mkikutana ghafla unajifunika, unageuka, unachutama mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe."

"Mtakatifu gani huyo," Eustaki alimtania.

"Na jina lake silitaji."

Kweli hakulitaja. Wodini kulikuwa na mtoto mchanga aliyeitwa Tadei, na manesi wenzake walimcheka kwa vile alimwita "yule bwana mdogo wa dirishani". Eustaki aliliona jambo hilo tamu ajabu. Usiku alilala akitabasamu peke yake. Alichokosa kukiona ni kwamba binti wa watu hakuwa anatania.

*

Kituoni wafanyakazi walipangwa mstari mbele ya wodi ya wazazi. Upepo wa Ufipa ulikuwa unavuma ule wa Juni, unaopenya sweta na kutafuta mifupa. Eustaki alimwona Tusekile mwishoni kabisa, karibu na ukuta, sare yake nyeupe na kile kitenge cha posa mabegani. Baadaye alikuja kujua kwamba alimwomba matroni abaki wodini, matroni akakataa. Mkunga hodari ndiye wa kuonyeshwa kwa wageni.

Mzee Tadei alianza mwanzo wa mstari kama kawaida yake, mtu mmoja mmoja, mpaka mpishi, mpaka mfagizi. Zenon wa Namanyere, aliyekuja kwa ajili ya harambee, alifuata nyuma akisalimia kwa kichwa tu. Eustaki alikuwa akitangaza majina. Alipofika kwa Tusekile hakulitaja jina, akajidai anakagua betri.

Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Binti, habari za kazi?"

Tusekile alikifungua kitenge, akajifunika kichwa chote, akageuka ukutani, akachutama.

Mkono wa Mwenyekiti ulibaki hewani. Watu waliokuwa wakizungumza wakageuka kutazama. Mzee Tadei akakunja magoti, akapiga makofi yake mepesi, pengine binti hakusikia, akanyoosha mkono tena.

"Nesi Tusekile," matroni Cornelia aliita kwa sauti ya chini yenye makali. "Simama. Mwenyekiti anakusalimu."

Tusekile alizidi kujikunyata.

"Watu wa Mbeya hao," Zenon alisema, akatema mate pembeni. "Mtu mzima anampa mkono, yeye anampa makalio."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka puu, wengine wakafuata. Na hapo, mbele ya kicheko, Eustaki alimwona baba yake akiurudisha mkono taratibu na kuufuta kwenye koti, ingawa haukuwa na kitu. Mzee hakukasirika. Alikuwa ameumia, na ni vigumu zaidi kumtazama baba aliyeumia.

"Eustaki," alisema. "Wewe huja hapa na watoto wa shule. Huyu binti unamfahamu? Nimemkosea nini?"

Njia ilikuwa wazi kama barabara ya Mpanda. Angesema, baba, huyu ni mkwe wako, anakuheshimu. Mdomo wake ulifunguka. Akamwona Zenon anamtazama, akamwona matroni, akawaona wanawake wameshika midomo.

"Simfahamu, baba," alisema. "Labda anaumwa."

Maua ya rangi ya chungwa yalitikisika mara moja ukutani, kisha yakatulia. Mwenyekiti alisema, "Basi apumzike," na msafara ukaendelea kuona vitanda vya wodini. Eustaki alihesabu vitanda pamoja na wengine, akasoma idadi kwenye kipaza sauti, akaikosea.

*

Eustaki alimkuta Tusekile nyuma ya jiko, ambako wanawake walikuwa wanapika maharage na samaki migebuka wa harambee. Amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kitenge kimekunjwa magotini. Wapishi walipomwona mwalimu anakuja walijitia wana kazi upande wa pili.

"Tuse."

"Hujambo, Mwalimu."

"Usiniite mwalimu, Tuse."

"Nikuite nani? Mtu asiyenifahamu nitamwita kwa cheo chake."

Eustaki alichuchumaa mbele yake. Alitaka kumshika mkono, akaona haya, akaushika mwimo wa mlango wa jiko.

"Nilichanganyikiwa," alisema. "Watu walikuwa wanacheka."

"Walikuwa wananicheka mimi. Wewe ulikuwa umesimama vizuri na kipaza sauti chako." Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililomchoma Eustaki. "Lakini si hilo. Nimekaa hapa nawaza. Baba yako aliuliza, huyu binti ni nani. Mtu haulizi mkwe wake ni nani, Eustaki."

Eustaki aliokota kijiti, akaanza kuchora mavumbini.

"Mjomba wako alisema ametumwa. Alisimama mbele ya bibi yangu akasema, nimetumwa na baba wa kijana. Alitumwa?"

"Tuse, nilikuwa natafuta siku nzuri—"

"Alitumwa au hakutumwa?"

"Hakutumwa," Eustaki alisema. "Baba hajui kitu."

Tusekile alipitisha kidole kwenye ua moja la kitenge.

"Bibi yangu hatembei vizuri, unajua," alisema. "Siku ile alijikokota mpaka zizini kumwona yule ng'ombe. Akamshukuru baba yako kwa jina lake. Akaniambia, mjukuu wangu, jina hili sasa liweke moyoni, usiliweke mdomoni. Nimeliweka. Mpaka mtoto wa watu wodini nimemnyang'anya jina lake." Akacheka kidogo, machozi yakamtoka pamoja na kicheko. "Kumbe pale ukutani nilikuwa namwogopa baba wa watu. Nilikuwa nachutama kwa mtu ambaye si wangu."

"Ni wako. Nitamwambia, Tuse. Naapa nitamwambia."

"Sikiliza. Matroni amesema mnada ukiisha nitaitwa mbele ya watu wote, nimpe mkono Mwenyekiti, nimwombe radhi. Nikikataa atanirudisha Mbeya, maana nimeaibisha kituo."

Eustaki alivuta pumzi. Na sasa msomaji amvumilie, kwa sababu alichokisema kilikuwa kibaya kuliko kile cha ukutani. Pale alikuwa ameshtukizwa. Hapa alikuwa na nafasi ya kufikiri.

"Basi mpe tu mkono," alisema. "Mkono tu, Tuse, uishe. Tutakuja kueleza baadaye."

Tusekile alimtazama kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na sasa hakioni.

"Mkono tu," alirudia. "Kwa hiyo nilipokuwa nakueleza, siku zote zile, ulikuwa unasikia hadithi. Nikimpa mkono mbele ya watu, nimesema mbele ya watu kwamba yule si baba mkwe wangu. Sitakwenda kwa bibi nikamwambia nilikuwa natania. Ng'ombe wenu atarudi."

"Nisamehe. Sikuwa—"

"Sitaki harusi ya leo. Wala sitaki akubali. Akikataa tutalia wote wawili, sitakuwa wa kwanza kukataliwa na wakwe." Alisimama, akapangusa uso kwa kiganja. "Nenda kamwambie kabla sijaitwa. Nataka ajue tu kwamba binti aliyemgeuzia mgongo hakuwa anamdharau. Hilo tu, Eustaki. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Macho yangu yatazame."

Aliyatazama. Yalikuwa yanamwamini bado, kidogo, kama kaa la mwisho lililobaki kwenye majivu. "Haki ya Mungu, nitamwambia sasa hivi."

*

Alikwenda moja kwa moja, hilo tumpe haki yake. Alipita katikati ya watu kwenye uwanja wa kituo, ambako harambee ilikuwa inaanza, akafika meza kuu, akainama sikioni mwa baba yake.

"Baba, nina neno."

"Na mimi nina neno," Mzee Tadei alimjibu, akamvuta mkono, macho yakimeremeta. Aibu ya asubuhi ilikuwa imeanza kumtoka. "Zenon ameahidi mabati ya paa zima. Paa zima, mwanangu. Nyumba ya akina mama imekwisha kusimama. Jumapili tutakwenda Namanyere kumshukuru, na wewe utamwona Silvana. Hapana, usiinamishe kichwa, kumwona si kuoa." Akampiga piga begani. "Haya, neno lako. Lina haraka?"

Zenon alikuwa amekaa hapo hapo, anatafuna karanga, anasikiliza.

"Si sana, baba," Eustaki alisema.

"Basi kanadi. Watu wanapigwa na baridi."

Alikwenda kunadi. Ajabu ya siku ile, hakuwa amepata kunadi vizuri namna hiyo. Alinadi beberu, alinadi blanketi, alinadi mche wa sabuni ambao siku zile za uhaba ulipiganiwa na walimu wakuu kama mali ya urithi. Alipofika kwenye jogoo, aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena, kama ilivyo desturi, na aliyefuata naye akamrudisha, na Eustaki hakutaka mnada uishe. Alimsifia jogoo yule ukoo wake. Alisema huyu ndiye aliyemwamsha Mwenyekiti asubuhi. Watu wakavunjika mbavu, Mzee Tadei akafuta machozi ya kicheko kwa leso, na hakuna aliyejua kwamba mnadi anacheza na muda. Mnada ukiisha, Tusekile anaitwa. Basi mnada usiishe. Lakini jogoo hata awe mzuri vipi mifuko ya watu ina mwisho, na hatimaye mzee mmoja mwuza chumvi alimnunua, akasema anampa Mwenyekiti zawadi, na watu wakaanza kutafuta viatu vyao chini ya mabenchi.

Matroni Cornelia alimsogelea. "Mwalimu, sasa mwite yule nesi wetu."

"Matroni, watu wamechoka. Tuliache."

"Mwite. Mwenyekiti asiondoke hapa na kinyongo na kituo changu."

Eustaki alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anaongea na watu, amempakata jogoo kama mjukuu. Hatua chache tu. Na mkononi Eustaki alishika kipaza sauti, kitu ambacho neno lolote likitiwa ndani yake lingesikika mpaka sokoni. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na pale walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya wazazi.

"Tunamwita Nesi Tusekile," alisema kwenye kipaza sauti. "Aje asalimiane na Ndugu Mwenyekiti."

Alitoka upande wa wodi. Kichwa kilikuwa wazi, kitenge kimekunjwa mraba juu ya mkono wake. Watu walimpisha wakinong'ona. Hakwenda kwanza kwa Mwenyekiti. Alikuja mpaka kwa Eustaki, akasimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, akamwuliza kwa macho.

Eustaki aliyajua vizuri macho yale. Yalikwisha kumwita kwenye dirisha la wodi jioni nyingi, yalikwisha kumcheka, yalikwisha kumngoja. Sasa yaliuliza swali moja, yakasubiri, na wakati yakisubiri dunia nzima ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa neno moja la kiume. Eustaki akayaangusha yake chini, kwenye kamba ya beberu iliyoachwa mavumbini.

"Karibu, Nesi," alisema.

"Asante, Mwalimu." Akamwekea kitenge mkononi. "Nishikie."

Kisha akageuka. Alimwendea Mzee Tadei, akasimama mbele yake, akainua uso na kumtazama machoni. Eustaki alikibana kitenge kifuani. Tusekile akakunja magoti kidogo, kama wafanyavyo mabinti wa Kifipa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mzee Tadei."

Alilitaja. Lilitoka bila kukwama, jina kama majina mengine.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwenyekiti, akampa mtu jogoo amshikie ili apate kuipokea mikono ile kwa mikono yake yote. "Marahaba sana. Tumekwisha kugombana?"

"Naomba radhi, mzee. Asubuhi nilikufananisha na mtu."

"Alikukosea huyo mtu?"

"Hakunikosea. Nilikuwa namheshimu sana."

Mzee hakulielewa jibu, ila alilipenda. Akamtikisa mikono, akacheka, akawageukia watu kuwaonyesha kwamba yamekwisha. Hata Zenon alitikisa kichwa kukubali. Wanawake wale wale waliocheka ukutani wakapiga vigelegele. Matroni alimgusa Eustaki kiwiko, kwa sababu mwongozaji wa shughuli alikuwa amesimama kama nguzo ya goli.

"Mwalimu, makofi."

Eustaki akainua kipaza sauti. "Makofi, ndugu wananchi," alisema, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Tusekile alirudi wodini bila kugeuka. Hakuja kuchukua kitenge.

*

Land Rover ya halmashauri ilikuwa imetumwa kumrudisha mjamzito mmoja kwa ndugu zake, na mafuta yenyewe yalikuwa ya kuhesabu matone, kwa hiyo baba na mwana walirudi nyumbani kwa miguu, chini ya mikaratusi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mzee Tadei alimbeba jogoo kwapani, na miguu ilimwuma, lakini moyo ulikuwa mwepesi.

"Yule binti amenifurahisha," alisema. "Unajua nilikuwa nimevunjika? Nilijisemea, pengine nimezeeka, pengine nanuka. Halafu anakuja mbele za watu, ananitazama hivi, ananipa mikono yote miwili. Huyo amefundwa. Mtu amekaa naye akamfunda."

"Bibi yake," Eustaki alisema kabla hajajizuia.

Mzee hakumsikia. "Nasema kweli, mtu kama yule hata ukiniletea nyumbani, sawa. Ningelalamika, ndiyo, wiki nzima ningelalamika, wa Mbeya, wa Mbeya. Mama yako angenigombeza. Ningenyamaza." Akacheka peke yake, kisha akamtazama mwanawe. "Kitenge hicho cha nani? Tangu uwanjani umekikumbatia."

"Cha nesi."

"Mbona hukumrudishia?"

Eustaki alisimama.

"Yeye ndiye aliyenirudishia, baba," alisema.

Akaeleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaeleza tena. Alieleza Tukuyu na mjomba Clemens, ng'ombe wa uchumba, bibi aliyejikokota mpaka zizini. Alieleza mtoto wa wodini aliyenyang'anywa jina. Alieleza kwa nini mkwe hujifunika na kugeuka, na alivyosema simfahamu, na alivyosema si sana. Hakujitetea popote, kwa sababu hakupata mahali pa kujitetea. Alipomaliza alikuwa analia, mwalimu mzima, na hakufuta machozi.

Mzee Tadei hakumgombeza. Eustaki angefurahi kama angegombezwa.

"Kwa hiyo asubuhi, pale ukutani," baba yake alisema polepole, "alikuwa ananisalimu."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikamwuliza nimemkosea nini."

"Ndiyo."

"Na jioni? Mbele ya wale watu wote, aliponipa mikono?"

Eustaki alikikunja kitenge, kikakunjuka, akakikunja tena.

"Jioni alikuwa ananiaga mimi," alisema.

Mama mmoja alitokea kona ya barabara na mzigo wa kuni kichwani. Alipowaona alisimama, akakunja magoti kadiri mzigo ulivyomruhusu. "Shikamoo, Baba Salamu. Za harambee?"

Mzee Tadei alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuutazama. Jogoo aliteremka kwapani akaanza kudonoa njiani. Yule mama alingoja, akaona hajibiwi, akaweka sawa mzigo wake na kwenda zake. Kesho yake sokoni alisimulia kwamba Mwenyekiti hakumwitikia salamu, na hakuna aliyemwamini.